Karatasi Nilizozikwangua

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Hata sasa ninapoandika haya nimeshasimama mara tatu, nimefunua sufuria ya maharage ambayo haikuhitaji kufunuliwa, nimerudi, nimehamia upande wa dirishani kwa sababu upande wa mlangoni miguu inaniwasha. Kwetu Njombe wanasema mama alinizaa akiwa njiani kwenda shamba. Sasa mtu wa namna hiyo umlaze kitandani miezi mitano, miguu haimtii, vidole haviwezi kufunga kifungo cha gauni. Nilikuwa nalala huku nikitembea kichwani, kutoka kwetu Ruhuwiko hadi Majengo mjini Songea na kurudi, nikihesabu nyumba.

Ninaandika kwa ajili ya wanaofungafunga dawa za mashamba madukani, na kwa ajili ya wanaowauguza. Mambo ya kitaalamu waulizeni wataalamu. Mimi nitasema niliyoyapitia, na nitasema pia uongo niliousema, maana nisipoutaja huo hamtaelewa kwa nini niliugua muda mrefu kiasi kile.

Zamani nilikuwa karani wa stoo katika chama cha ushirika. Nilipokea mbolea na dawa za wadudu, nikazipanga, nikawagawia wakulima, na kabla mtu hajaondoka nilimsomea maandishi yote yaliyobandikwa kwenye debe. Nilikuwa mkali wa jambo hilo. Mzee mmoja wa Namtumbo aliwahi kutaka kubandua karatasi ili asokotee tumbaku yake, nikamwambia, "Baba, huo ndio mdomo wa debe. Ukiubandua, nani atawaambia wajukuu zako kilichomo?" Alinicheka, akasema Wabena tunapenda kusemasema, lakini karatasi aliiacha. Wangoni ni watani zetu, kwa hiyo nilimjibu ipasavyo.

Kisha ushirika ukaanza kufa taratibu, ikaja ile miaka ya ruksa. Majengo ikajaa maduka. Kila mwenye fremu akauza chochote kilichoshuka kwenye lori: betri, khanga, sabuni za rangi zote, misumari, dawa za funza. Sisi makarani tulipunguzwa kazi kwa barua ya nusu ukurasa. Mume wangu Gervas ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu mnaujua wenyewe. Tulikuwa na mtoto mmoja, Tumaini, binti wa miaka tisa.

Aliyenipa kazi alikuwa Bwana Mshamu, Myao wa Tunduru, mtu wa sala tano na maneno matamu. Duka lake lilikuwa na chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Alinunua dawa ya funza wa mahindi kwa madebe, dawa ya unga wa kijivu, lakini mkulima mdogo hawezi kununua debe zima. Basi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchota unga ule kwa kijiko cha chai, kuutia kwenye vifuko vya nailoni, kukunja mdomo wa kifuko na kuupitisha kwenye mwali wa mshumaa uungane. Vifuko vile vipya hushikana. Ili vifunguke unalamba kidole, unasugua, kinafunguka. Kulamba, kusugua, kuchota, kuunguza. Siku nzima.

Kazi ya pili ilikuwa ya Jumamosi. Debe tupu Songea ni mali. Watu hupimia mahindi, huchotea maji, huivishia pombe, hata huokea mikate. Lakini debe lenye picha ya fuvu na mifupa kando ya hindi nani atalichotea maji? Debe linalong'aa ndilo linalonunuliwa haraka. Kwa hiyo nililowanisha karatasi kwa maji ya moto, nikaikwangua kwa wembe, nikasugua debe kwa mchanga na sabuni mpaka likanionyesha uso wangu. Karatasi zilizokwanguliwa tulizichomea jikoni. Bwana Mshamu alisimama mlangoni akasema, "Mama Tumaini, mashaallah, wewe una mkono." Nami nilifurahi kusifiwa. Yule karani wa ushirika aliyekuwa akikemea wazee alikuwa bado yumo ndani yangu, ila nilimwambia anyamaze, mtoto anahitaji viatu vya shule. Nilijiambia pia kwamba sabuni huondoa kila kitu.

Nilikuwa nimefanya kazi hiyo zaidi ya mwaka ugonjwa ulipoanza, na haukuja kwa kishindo. Kwanza nilianza kutokwa jasho asubuhi za baridi, wakati wenzangu wamevaa sweta. Mate yakajaa kinywani, nikawa natema kila hatua. Kichwa kiliniuma kuanzia saa nne asubuhi na kupoa siku za Jumapili. Macho yakaona giza mchana, kama mtu aliyeingia ndani akitoka juani. Nilimeza klorokwini nikidhani ni malaria. Gervas yeye aliyaona yale mate akadhani nina mimba. Hakusema, lakini alianza kuniletea machungwa, na aliacha kunigombeza chumvi ikizidi kwenye mboga. Tulikuwa tumengoja mtoto wa pili miaka mingi. Nilipomwambia si mimba, aliendelea kuleta machungwa wiki moja zaidi, kisha akaacha.

Mvua zilipokolea, wakulima walifurika. Ilikuwa Desemba, mahindi yamefika magotini, funza wameingia. Siku ile nilifunga vifuko tangu duka lilipofunguliwa, sikula. Mchana nyama za mkono zikaanza kucheza zenyewe chini ya ngozi. Niliutazama mkono wangu nikaona kitu kinatambaa ndani yake. Kisha nikatapika juu ya vifuko, nikashindwa kuvuta pumzi vizuri. Bwana Mshamu alinibeba mwenyewe hadi kwenye pikapu, kofia yake ikaanguka matopeni na hakurudi kuiokota. Namsifu kwa hilo, hata baada ya yote.

Hospitalini daktari kijana alinimulika tochi machoni, akanusa nguo zangu, akaagiza nivuliwe zote nioshwe. Wakanichoma sindano ambayo baada ya muda ilinikausha kinywa mpaka ulimi ukanata kwenye kaakaa. Nilipoweza kuongea, daktari alivuta kiti.

"Mama, ulikuwa unafunga nini?"

"Dawa ya funza."

"Dawa za funza ziko nyingi. Hii inaitwaje?"

Bwana Mshamu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya maji ya matunda. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alitazama sakafu tu. Lakini sikusema uongo kwa ajili yake. Nilisema kwa sababu nesi aliyekuwa amenishika mkono, Nesi Imelda, alikuwa binti wa mkulima wa Namtumbo, na baba yake alikuwa mmoja wa wale niliokuwa nikiwasomea madebe. Alishaniambia, "Wewe ndiye yule mama wa stoo, baba anakusimulia mpaka leo." Ningesemaje mbele yake kwamba karatasi nilizikwangua mimi?

"Yanakuja hivyohivyo," nikasema. "Madebe hayana karatasi."

"Yote?"

"Yote."

Daktari akaandika. Bwana Mshamu akashusha pumzi. Nilitoka hospitalini siku mbili kabla ya Krismasi, nikala pilau kwa jirani, nikaona nimepona. Nilimwambia Gervas Januari narudi kazini. Alikuwa anasahihisha madaftari, na niliona kalamu nyekundu imesimama.

Januari, Jumapili moja nikienda kanisani, ndala ya kulia ikanivuka. Nikairudisha mguuni. Ikavuka tena. Mguu haukuwa unaishika. Siku tatu baadaye nilikuwa natembea nikiinua magoti juu kama jogoo kwenye majani yenye umande, maana nyayo zilining'inia. Tumaini alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwisho wa mwezi sikuweza kusimama, na vidole vya mikono vikaanza kulegea kuanzia kwenye ncha. Nilikuwa nikimsuka binti yangu, utosi umegawanywa vizuri, na nywele zikanitoka mkononi. Akamalizia jirani.

Nikarudi kwenye benchi la hospitali. Atakayelikalia benchi lile ajue mambo matatu: aje na khanga ya kukalia maana ubao una misumari, aje na kitu cha kutafuna, na asikubali kumsikiliza kila aliye pembeni yake. Mimi niliambiwa nina polio, nina pepo, nimekanyaga kitu njiani. Mama mmoja aliniambia nimetembea na mume wa mtu. Nilimuuliza kama ni wake.

Daktari aligonga magoti yangu kwa kinyundo, miguu ikakaa kimya. Akauliza tena. Huo ulikuwa mlango wa pili kunifungukia, na nauwaza hata leo.

"Ile dawa. Hakuna hata karatasi moja iliyobaki? Jina lake lingenisaidia kujua ninangoja nini."

"Hakuna, daktari. Nilishakwambia."

Nilimjibu kwa ukali, kama aliyesingiziwa. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, ndivyo nilivyojifunza. Basi yeye, kwa kuwa hakuwa na jina la kushika, akatafuta kwingine. Walinitoa maji mgongoni kwa sindano. Walipiga picha ya uti wa mgongo, wakaona kivuli wasichokuwa na hakika nacho. Wakasema inaweza kuwa kifua kikuu kilichoshuka mgongoni, na kwamba ni heri kunitibu kuliko kuniacha. Sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, na vidonge vilivyougeuza mkojo wangu rangi ya Fanta. Nilitibiwa ugonjwa ambao haukuwa wangu, na nilijua, au nilijua nusu, nikainua shuka na kugeuza paja kila asubuhi. Katika mwezi wa pili sikio la kushoto likaanza mluzi. Mluzi huo upo mpaka sasa ninapoandika.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Kutoka kitandani niliona milima ya Matogoro ikivaa wingu na kulivua. Nilipangiwa kitanda karibu na mlango, na kila aliyepita nilimuuliza amekwenda wapi, amerudi na nini. Nesi Imelda akasema, "Huyu Mbena hata akizikwa atataka kujua jeneza linapita barabara ipi." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Alikuwa akinikanda miguu jioni baada ya zamu yake, bila kutumwa na mtu, na kila alipokanda nilizidi kuona haya.

Baadaye waliniruhusu nichomewe sindano kama mgonjwa wa nje, nikarudishwa Ruhuwiko, na Imelda akawa anapitia huko kunikanda. Gervas alinibeba mgongoni kuingia ndani. Nilikuwa nimekonda, lakini nilimsikia akihema. Alifundisha, akapika, akafua, akanipeleka chooni. Siku za mwanzo tulitaniana. Baadaye tukawa tunaongea kama watu wanaogawana zamu ya ulinzi. Nilimpigia kelele kwa sababu ya ndoo, kwa sababu ya mlango, kwa sababu ya namna anavyokoroga uji. Siku moja akaweka bakuli chini akasema, "Mama Tumaini, mimi pia nimechoka. Nami sina wa kumpigia kelele." Akatoka. Alikaa nje kwenye mvua ndogo mpaka shati likalowa, kisha akaingia akaninywesha uji uliokwisha kupoa. Sikuomba radhi siku ile.

Ndipo akaja mama yake, Bibi Fausta, kutoka Matogoro, na kibegi chake na rozari. Mimi na mama mkwe tulikuwa tumeishi kwa heshima, yaani kwa umbali. Simtazami akila, hatazami nikioga. Nilipokwenda kwake niliishia sebuleni na jikoni, maana mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Sasa mama huyohuyo ndiye aliyenivua nguo na kuniogesha. Siku ya kwanza sote tulitazama ukutani. Siku ya pili alisema, "Mwanangu, ngozi ni ngozi," akaendelea kusugua.

Kabla ya Pasaka, akiwa ananifuta mgongo, akasema polepole, "Nimeamua niongee na Gervas. Huyu shangazi yake."

"Shangazi amefanya nini?"

"Watu wanasema. Madaktari wametafuta mgongoni, kifuani, kwenye damu, hawaoni. Ugonjwa usioonekana una mwenyewe. Na shangazi hakufurahi mlipooana, wote wanajua. Vijana wa ukoo wanataka waende wakamuulize."

Shangazi yake Gervas ni mjane anayeishi peke yake, aliyenipa kuku watatu nilipojifungua Tumaini. Nilijua "kumuuliza" kwa vijana wa ukoo kuna maana gani. Nilitaka kuinuka nikimbie, na miguu ikakataa, nikaanguka ubavu kwenye jamvi lililolowa maji ya kuoga. Bibi Fausta akanishika kichwa.

"Mama," nikasema, "si shangazi. Ni ile dawa ya dukani. Daktari aliniuliza jina lake mara mbili, nikamwambia madebe hayana karatasi. Karatasi yalikuwa nazo. Nilizikwangua mimi kwa wembe, kila Jumamosi."

Nililia povu la sabuni likiwa mdomoni. Sikujua nitakemewa vipi. Bibi Fausta alinifuta povu mdomoni kwa khanga yake.

"Karatasi hizo," akauliza, "ndizo zile zenye picha ya hindi?"

"Ndiyo."

"Hindi la njano, limemenywa nusu?"

"Ndiyo, mama."

"Ninayo moja. Lile debe uliloniletea wakati ule wa mavuno, ulikuja na haraka zako, hukulisugua. Niliifukiza mvuke karatasi ikatoka nzima. Hindi zuri, nikalibandika chumbani karibu na Bikira Maria. Debe lenyewe lilinuka, nikaliweka majivu ya choo."

Karibu mwaka mzima karatasi ile ilikuwa ukutani hatua chache kutoka mahali nilipokuwa nikikaa kunywa chai, nyuma ya pazia ambalo adabu ilinikataza kulifunua. Nami sikuwa nimesema lolote la kumfanya aitaje.

Gervas alikwenda Matogoro kwa baiskeli. Alirudi na kipande cha ukuta, maana udongo ulitoka na karatasi. Kabla hajanipa aliisoma yote pale uani, akiwa amesimama, pamoja na zile herufi ndogo za chini. Yeye Kiingereza anakifundisha. Alipoingia hakunikaripia. Alisema tu, "Imeandikwa chombo hiki kikiisha kitobolewe na kufukiwa. Ulilijua hili?"

"Nililijua."

"Tangu ushirika?"

"Tangu ushirika."

Alilala sebuleni siku nne. Nilistahili zaidi.

Daktari naye alimsikiliza Gervas akieleza, kisha akataka kusikia kutoka kwangu, na mlango ulikuwa wazi, na Nesi Imelda alikuwa pale na trei ya sindano. Nikasema yote tena. Imelda aliweka trei mezani, akatoka. Daktari alisoma karatasi, akafungua kitabu kinene, akasoma tena.

"Sindano za kifua kikuu tunaacha leo," akasema. "Dawa ya jamii hii ina tabia ya kumwangusha mtu, kumwacha, kisha kumrudia miguuni baada ya wiki kadhaa. Ndiyo iliyokupata. Miguu pengine ingeanguka hata ningejua Desemba, siwezi kukudanganya. Ila nisingekutoboa mgongo, na sikio lako lingekuwa zima."

"Itarudi?"

"Miguu, taratibu, kwa mazoezi. Mikono itachelewa. Kuna itakachokubakizia dawa hii, sijui ni kiasi gani."

Niliwahi kusikia watu wakisema jina la ugonjwa ni nusu ya tiba. Kwangu haikuwa tiba, bado nilibebwa kurudi nyumbani. Lakini jioni ile nililala bila kutembea kichwani, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Na vijana wa ukoo hawakwenda kwa shangazi. Bibi Fausta aliwafuata mmoja mmoja.

Nesi Imelda hakuja kunikanda wiki mbili. Alipokuja, alileta mafuta ya nazi, akakaa, akashika mguu. "Baba amekasirika kuliko mimi," akasema. "Anasema anakudai karatasi ya tumbaku." Huo ndio ulikuwa msamaha wao.

Kipupwe kikaingia. Watu wa Songea wanajua Juni inavyouma. Mimi baridi ile niliisikia kwenye nyayo, na nililia kwa furaha maana nyayo zilikuwa hazisikii kitu tangu mwanzo wa mwaka. Kila asubuhi nilifanya mazoezi kwa kuminya unga wa ugali mbichi kwenye beseni. Tumaini alinipima kwa vifungo: wiki hii kifungo kimoja, wiki ijayo viwili. Julai nilisimama nimeshika ukuta. Agosti nilifika chooni kwa fimbo, nikakaa humo muda mrefu kwa raha ya kuwa peke yangu. Nawaambia walio kitandani: yafurahieni mambo kama hayo, msiyaonee aibu. Na nawaambia wanaofunga dawa: msilambe kidole, msile ndani ya chumba kile, na mkianza kutema mate na kutokwa jasho bila sababu, kimbieni hospitali na debe lenyewe mkononi, na karatasi yake.

Lakini kadiri miguu ilivyopata nguvu ndivyo nilivyokosa raha. Kiangazi kilikuwa kimeanza, visima vimeshuka, na nilijua madebe yangu yalikuwa yakifanya kazi gani. Niliyasugua vizuri mno. Debe lenye karatasi mtu huliogopa. Mimi nilikuwa nimeyaondolea watu woga.

Nilikwenda dukani kwa Bwana Mshamu kwa fimbo. Alinikaribisha kiti, akauliza hali mara tatu. Nikamwambia ninachotaka.

"Mama Tumaini," akasema, "wallahi mimi sikujua. Nilinunua, nikauza. Ukisimama mbele za watu ukasema hayo, mimi nimekwisha."

"Sitakutaja. Nitasema mimi ndiye niliyekwangua, maana ndivyo ilivyo. Ila sijui madebe yalikwenda wapi. Wewe unawajua wateja wako."

Akavua kofia, akaigeuzageuza. Nilidhani atanifukuza. Mwishowe akasema, "Mengi walichukua watu wa upande wa Namtumbo. Gari nitaendesha. Kusema utasema mwenyewe."

Ilikuwa Oktoba. Katika kijiji cha kwanza watu walikuwa wamekusanyika kwenye ghala la tumbaku, mwenyekiti akanipa nafasi. Bwana Mshamu alibaki kwenye pikapu, dirisha limefungwa, jua lote lile. Nilisimama kwa fimbo. Nilisema nilikuwa karani wa stoo, kisha nilifanya kazi dukani, kwamba madebe yanayong'aa waliyonunua yalitiwa sumu ya funza, kwamba yalikuwa na maandishi ya kukataza yasitumike tena, na kwamba maandishi hayo niliyaondoa mimi, nikawaomba wayatoboe. Nikawaonyesha mikono yangu inavyotetemeka.

Mzee mmoja akasema, "Mbona halinuki?"

"Nililisugua, baba."

"Debe langu zima nilitoboe kwa maneno yako? Utanipa lingine?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono, na mkutano ukaanza kuwa wa mabishano. Mwanamke mmoja hakubishana. Alikuwa amesimama nyuma na khanga ya kijani. Aliondoka, nikamwona akiingia nyumba ya tatu kutoka ghalani. Nikajikokota kumfuata, kwa sababu sikuweza kusimama tena pale.

Debe lake lilikuwa kwenye kivuli cha jiko, limejaa maji, limefunikwa sahani. Liling'aa kama siku niliyolimaliza. Pale kijijini kisima kilikuwa mbali, na maji yale yalikuwa ya kutwa nzima. Aliliinamisha bila kusema, akayamwaga yote uani. Kuku wakaja mbio kunywa. Akawafukuza kwa khanga, akaendelea kuwafukuza mpaka ardhi ikanywa yote. Kisha akachukua panga, akalitoboa debe matundu manne.

Alipomaliza akanigeukia. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia.

"Haya nimemwaga," akasema. "Na tuliyokunywa tangu mwaka juzi?"

Nikamwambia sijui.

Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kigoda akanikalisha. Kisha akaanza kuwaita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, waje wasimame mbele yangu niwatazame.